Kubaki nyumbani, Uingereza, Ujerumani au Saudia: muuguzi alinganishe nini kabla ya kusaini

Muuguzi mwenye leseni na miaka miwili mitatu ya wodini siku hizi hakosi washauri. Mmoja yuko Leeds, mwingine Riyadh, wa tatu anasoma Kijerumani jioni akitoka zamu, na mama mzazi anasema kazi ya serikali haiachwi. Karibu wote wanazungumzia mshahara. Mimi naona mshahara uje baadaye. La kwanza ni kazi yenyewe, maana uuguzi wa kituo cha afya Singida, wa wodi ya wazee Leicester, wa nyumba ya kutunzia wazee Hamburg na wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) ya Jeddah vina jina moja, lakini mikono inafanya mambo tofauti kabisa. Wauguzi wengi wanaovunjika moyo ugenini mshahara waliahidiwa na wakaupata. Hawakuambiwa tu siku yao ya kazi itakuwaje.

Uhitaji upo, hilo halina ubishi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 na bado walikosekana milioni 5.8, na kwamba muuguzi mmoja kati ya kila saba alizaliwa nje ya nchi anayofanyia kazi. Kwa hiyo swali la kama utatakiwa lisikusumbue sana. Jiulize utafaa wapi, na kwa gharama gani.

Nimepima kwa vigezo vitano: kazi unayoruhusiwa kufanya, njia ya kupata leseni, zamu na idadi ya wagonjwa, fedha inayobaki baada ya makato, na familia pamoja na uwezekano wa kukaa kwa kudumu. Ninaposema nyumbani nina maana ya Tanzania na Kenya, na pale zinapotofautiana nitasema.

Kazi yenyewe

Nyumbani mtaala unamlea muuguzi wa kila kitu. Mkenya mwenye diploma ya KRCHN amefundishwa uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii kwa mpigo. Mtanzania naye anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na akipangiwa zahanati anatarajiwa kuyaweza yote mawili. Hili linaonekana zaidi usiku. Katika kituo cha afya cha wilayani, zamu ya usiku mara nyingi ni muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Mama anafika uchungu umekolea. Muuguzi anampima, anasikiliza mapigo ya mtoto, anajaza patografu (chati ya mwenendo wa uchungu), anazalisha, anachoma oksitosini uniti 10 kwenye msuli wa paja mara mtoto anapotoka, anatoa kondo, na msamba ukichanika anaushona. Mtoto asipolia anamkausha na kumsugua mgongo, akiona bado hapumui anachukua ambu, ule mfuko wa kupumulishia, na kumpa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Daktari yuko kwenye simu. Ng'ambo ya korido kuna mtoto mwenye malaria kali ambaye muda wa sindano yake ya artesuneti umefika. Kukicha, kliniki ya mama na mtoto inafunguliwa na chanjo zinaanza.

Huu ni ujuzi mkubwa na nataka wauguzi wenzangu waujue thamani yake kabla hawajaubadilisha na kitu kingine. Kinachopungua nyumbani ni watu na vifaa. Kingine ni kwamba kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza na kumpeleka chooni mara nyingi hufanywa na ndugu zake. Muuguzi anashika dawa, vidonda, dripu na uzazi. Usisahau jambo hili, kwa sababu ndilo linalogeuka ukivuka bahari.

Uingereza imewagawa wauguzi kwa fani: watu wazima, watoto, afya ya akili, na ulemavu wa kujifunza. Ukunga una sehemu yake peke yake kwenye daftari la usajili. Muuguzi aliyezalisha mamia ya akina mama Kisumu, akisajiliwa kama muuguzi wa watu wazima, hazalishi tena. Hata kuchoma kanula, kazi aliyoifanya gizani kwa tochi ya simu, atasubiri hospitali impe mafunzo yake, mtu amtazame na kumsainia. Wengi huliona hilo kama dharau. Mimi naona ni mfumo unaotaka kila kitu kiwe na jina la mtu aliyekithibitisha. Hebu angalia morfini inavyotolewa. Wauguzi wawili wanafungua kabati, wanahesabu dawa iliyopo, wanaandika kwenye daftari, wanatembea pamoja hadi kitandani, wanamwomba mgonjwa ataje jina na tarehe yake ya kuzaliwa, wanalinganisha na mkanda wa mkononi, kisha wote wawili wanasaini. Vipimo vya kila mgonjwa vinaingizwa kwenye NEWS2, alama za kuonyesha hali ya mgonjwa inavyozorota: upumuaji, oksijeni, presha, mapigo, joto, ufahamu, na kama anapewa oksijeni au la. Jumla ikifika 5 mgonjwa aonwe haraka, ikifika 7 ni dharura. Muuguzi ana haki na wajibu wa kumwita daktari, na wodini daktari huyo huitwa kwa jina lake la kwanza, kitu kinachowachukua wengi wetu muda kukizoea.

Wagonjwa wengi ni wazee, wengine wamepoteza kumbukumbu, na matunzo ya mwili ni kazi yako pamoja na wahudumu wasaidizi. Utaosha, utalisha, utabadilisha nepi ya mtu mwenye umri wa babu yako. Halafu kuna maandishi. Kila ulichofanya kiandikwe, na kisichoandikwa kinahesabiwa hakikufanyika.

Ujerumani inakwenda mbali zaidi kwenye matunzo ya mwili. Asubuhi ya muuguzi wa Kijerumani, hasa katika nyumba za wazee, ni kuosha, kuvisha, kumsaidia mtu akae kitini, kumlisha na kumpa dawa. Katika hospitali nyingi kuweka kanula kumezoeleka kuwa kazi ya daktari. Uzazi ni wa wakunga kwa sheria, na hata daktari anayezalisha anatakiwa kuhakikisha mkunga yupo. Muuguzi mwenye digrii kutoka Nairobi au Muhimbili anaweza kujiona ameshushwa, na ni haki alijue hilo mapema. Lakini upande wa pili usidharauliwe. Sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2020 imewapa wauguzi kazi ambazo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuzifanya, yaani kutathmini mahitaji ya uuguzi ya mgonjwa, kupanga mpango wake na kusimamia ubora wake. Na mtu anayependa kumjua mgonjwa wake kwa miezi, siyo kumwona siku tatu akaondoka, Ujerumani itampa nafasi hiyo.

Saudia inafanana zaidi na kile wengi walichokiota wakiwa chuoni: hospitali kubwa, mashine mpya, ICU zenye kila kitu, wenzako wakiwa Wafilipino na Wahindi wenye uzoefu mrefu. Kumbukumbu za wagonjwa zinaandikwa kwa Kiingereza lakini mgonjwa anaongea Kiarabu, kwa hiyo Kiarabu cha maumivu, choo, chakula na dawa inabidi ukipate haraka. Ndugu wa mgonjwa wapo, wengine wanalala naye chumbani, na hilo halitakushangaza. Faragha ya wagonjwa wa kike inalindwa kwa ukali. Anayependa kazi ya dharura na ICU anajifunza mengi kwa muda mfupi. Anayependa afya ya jamii au ukunga wa mikono yake mwenyewe atabanwa.

Na Oman? Muscat bado utakutana na wazee waliozaliwa Unguja, Pemba, hata Bujumbura, wanaofurahi kusikia Kiswahili kitandani. Ila kwa miaka mingi Oman imekuwa ikiwaweka Waomani wenyewe kwenye nafasi za uuguzi, kwa hiyo nafasi za wageni si nyingi kama Saudia.

Njia ya kupata leseni

Nyumbani leseni unayo, kazi ndiyo inayotafutwa. Tanzania wahitimu wengi hujitolea vituoni wakisubiri nafasi za serikali zitangazwe. Kenya, tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, muuguzi wa hospitali ya umma ni mwajiriwa wa kaunti, na nafasi zinategemea bajeti ya kaunti hiyo. Wapo walioingia kwa mikataba ya afya kwa wote ya mwaka 2020 na wakapigania miaka kadhaa kupewa ajira ya kudumu. Kwa hiyo kijana asiye na kazi anayelinganisha nyumbani na ugenini ajue anachokipima: kusubiri au kuondoka.

Uingereza unapitia NMC, baraza linalosajili wauguzi wa huko. Mtihani wa Kiingereza kwanza. IELTS ya kitaaluma inatakiwa alama 7 kwa jumla na kwa kila sehemu, isipokuwa kuandika ambako 6.5 inatosha. Au ufanye OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, upate B kote na C+ kwenye kuandika. Kusomea chuo cha Kiingereza Kenya au Tanzania peke yake hakukuondolei mtihani huu. Kisha CBT, mtihani wa kompyuta unaofanywa ukiwa bado nyumbani, na mwisho OSCE, mtihani wa vitendo unaofanyiwa Uingereza kwenye vituo 10. Pale utamtathmini mgonjwa, utapanga huduma, utaitekeleza na kuipima, pamoja na ujuzi mbalimbali wa mikono. Wanaoanguka OSCE wengi si kwa kutojua. Wamesahau kusema kwa sauti wanachofanya, au hawakunawa mikono wakati msimamizi anatazama. Muuguzi wa ngazi ya cheti njia hii haimhusu. Inamhusu mwenye stashahada au digrii aliyesajiliwa kamili.

Hapa kuna jambo ambalo mawakala hawalisemi. Tanzania na Uganda zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na mwongozo wa serikali ya Uingereza unakataza kwenda kuwasajili wauguzi huko. Kuomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri kunaruhusiwa. Kenya iko kwenye kundi la kati: wanaosajiliwa wapitie makubaliano ya serikali mbili yaliyotiwa saini Julai 2021. Mtu akija na kazi za Uingereza mkononi mjini Mwanza na kuomba ada, mkimbie. Jua pia kwamba tangu 2024 hospitali nyingi za Uingereza zimepunguza sana kuajiri kutoka nje. Waliopata nafasi mwaka 2022 walipita mlango mpana kuliko ulioko leo.

Ujerumani kizuizi ni lugha. Unatakiwa ngazi ya B2 (ngazi huanzia A1, A2, kisha B1), nayo haipatikani kwa miezi mitatu ya kukariri. Kwa mtu anayefanya kazi huku akisoma, mwaka mzima au zaidi ni kawaida. Kisha unaomba kutambuliwa vyeti vyako, na kila jimbo kati ya majimbo 16 lina mamlaka yake. Jibu la kawaida ni barua inayotaja pengo kati ya masomo yako na yao, nawe unachagua kuliziba kwa mafunzo ya kazini au kwa mtihani. Katika kipindi hicho unafanya kazi kama msaidizi, kwa malipo ya msaidizi. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji Berlin mwezi Septemba 2024. Kwa nchi zilizomo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, Tanzania ikiwemo, Ujerumani hairuhusu mawakala binafsi kusajili wauguzi.

Kuna mlango mwingine wa Ujerumani usiozungumzwa vya kutosha: kwenda kusomea uuguzi upya kwa miaka mitatu huku ukilipwa. Mwanafunzi wa hospitali za umma mwaka wa kwanza hupata zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa muuguzi wa cheti, au kwa mdogo wako aliyemaliza sekondari na ana kichwa cha lugha, njia hii inaweza kuwa fupi kuliko ya kutambuliwa.

Saudia ndiyo yenye hatua chache zaidi. Vyeti vinahakikiwa na DataFlow, unafanya mtihani wa Prometric, unasajiliwa na tume ya taaluma za afya ya Saudia. Waajiri wengi wanataka uzoefu wa miaka miwili baada ya leseni. Lakini vipimo vya afya ni vikali kuliko kwingine kote: mwenye VVU, homa ya ini B au C hapiti, na ujauzito nao hupimwa. Pima mwenyewe kwa siri kabla ya kulipa chochote. Kwa muuguzi wa Bukavu au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa, Kiingereza kitahitajika Saudia na Uingereza sawia, hivyo Kijerumani si lazima kiwe mzigo mkubwa kuliko hicho.

Zamu na idadi ya wagonjwa

Nyumbani hakuna anayehesabu kwa uhakika. Wodi ya watoto msimu wa mvua inaweza kuwa na wawili kitanda kimoja, na muuguzi ni yule yule. Likizo ya mwaka Tanzania ni siku 28. Kenya, manung'uniko ya mishahara na mazingira yalizaa mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 uliodumu kuanzia Juni hadi Novemba, na ulioacha maumivu kwa wauguzi na wagonjwa.

Uingereza saa za mkataba ni 37.5 kwa wiki, nyingi zikifanywa kwa zamu ndefu za saa 12 na kitu. Likizo inaanza na siku 27, ukiongeza sikukuu 8. England haina sheria ya idadi ya wagonjwa kwa muuguzi, ila mwongozo wa 2014 wa NICE, taasisi ya huko inayotoa miongozo ya huduma za afya, unasema zaidi ya wagonjwa 8 kwa muuguzi mmoja mchana ni ishara ya hatari. Wales ina sheria yake ya 2016. Zamu ya watu 8 huku kila mmoja akihitaji kuoshwa, dawa na maandishi inachosha vibaya, hata kwa aliyetoka wodi ya watu 40. Desemba 2022 chama cha wauguzi, RCN, kiliitisha mgomo wake wa kwanza wa kitaifa, na usalama wa wagonjwa ulikuwa kwenye madai pamoja na mshahara.

Ujerumani tangu 2019 ina viwango vya chini vya watumishi kwa baadhi ya idara. ICU ni wagonjwa 2 kwa muuguzi mchana, 3 usiku. Hospitali nyingi za umma zina wiki ya saa 38.5 na likizo ya siku 30. Ukiugua unalipwa mshahara kamili hadi wiki sita. Upungufu wa watu upo, na simu ya kukuomba urudi kazini siku yako ya mapumziko itaingia.

Saudia sheria ya kazi inaruhusu saa 48 kwa wiki, na Waislamu hupunguziwa hadi saa 6 kwa siku mwezi wa Ramadhani. Likizo kisheria ni siku 21, 30 baada ya miaka mitano kwa mwajiri mmoja, ingawa hospitali kubwa za serikali hutoa zaidi. Kugoma hakuna. Tofauti kati ya hospitali na hospitali ni kubwa mno: kwenye hospitali kubwa za rufaa idadi ya wagonjwa hupangwa, kwenye zahanati binafsi utabebeshwa hata kazi ya mapokezi. Uliza jina la hospitali. Jibu la "tutakupangia ukifika" usilikubali.

Fedha baada ya makato

Muuguzi aliyeanza Band 5, ngazi ya kuanzia ya mshahara, England mwaka wa fedha wa 2025/26 alilipwa pauni 31,049 kwa mwaka, yaani kama 2,587 kwa mwezi. Toa kodi, bima ya taifa na pensheni, mkononi inabaki karibu pauni 2,000. Kisha kodi ya nyumba, ambayo karibu na London inameza nusu. Usiku na Jumamosi huongezwa asilimia 30, Jumapili na sikukuu asilimia 60, ndiyo maana wenzetu hawapendi kupangiwa mchana wa Jumatano.

Ujerumani kima cha chini kwa muuguzi aliyetambuliwa kwenye sekta ya matunzo ya wazee kilipanda hadi euro 20.50 kwa saa Julai 2025. Kwa wiki ya saa 39 hiyo ni karibu euro 3,460 kwa mwezi, na kwa mtu asiye na mwenzi wala watoto karibu theluthi inakatwa. Anayekatwa hivyo anapata bima ya afya, pensheni na bima ya kukosa kazi. Nje ya miji mikubwa kama München, kodi ya nyumba inavumilika.

Saudia mshahara haukatwi kodi, na kwa kawaida nyumba, usafiri wa kazini na tiketi ya mwaka ni vya mwajiri. Kwa kuweka akiba ya haraka, ni vigumu kuishinda. Lakini mshahara unapangwa na mkataba, na si siri kwamba pasipoti yako inaingia kwenye hesabu. Mwisho wa mkataba unalipwa kiinua mgongo cha nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza, na mshahara mzima kwa kila mwaka unaofuata. Ukijiuzulu kati ya mwaka wa pili na wa tano unapata theluthi tu ya kiasi hicho. Weka tarehe akilini kabla ya kuandika barua.

Nyumbani mshahara ni mdogo kuliko kote nilikotaja. Ila uweke kwenye mizani pamoja na vitu visivyoandikwa kwenye hati ya malipo: nyumba ya ukoo, shamba, ruhusa ya kwenda kusoma na kurudi kazini kwako, mfuko wa hifadhi ya jamii unaoendelea kukua. Muuguzi mwenye ajira ya kudumu na duka la dawa linaloendeshwa na mwenzi wake hawezi kupimwa kwa hati ya malipo peke yake.

Familia, na kama unaweza kukaa

Uingereza muuguzi bado anaruhusiwa kuja na mwenzi na watoto. Katazo la Machi 2024 liliwahusu wahudumu wa matunzo, na wengi wanachanganya mambo haya mawili. Makazi ya kudumu yamekuwa yakipatikana baada ya miaka 5, lakini Mei 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuifanya 10. Panga ukiwa na 10 kichwani.

Ujerumani familia inakuja ukiwa na kipato na nyumba ya kutosha. Muuguzi aliyetambuliwa anaweza kuomba makazi ya kudumu baada ya miaka 3, na uraia baada ya 5. Tangu Juni 2024 Ujerumani haikulazimishi kuacha uraia wa kwanza. Mkenya anaweza kushika zote mbili tangu katiba ya 2010. Mtanzania hawezi: sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na uamuzi huo ni mzito kuliko mtihani wowote.

Saudia mikataba mingi ya wauguzi ni ya mtu mmoja. Unaishi kwenye nyumba za hospitali, kibali chako cha ukaazi kimefungwa na mwajiri, ingawa mabadiliko ya Machi 2021 yamerahisisha kuhama. Unakwenda kwa muda, na kurudi kumo ndani ya mpango tangu siku ya kwanza. Mwenye watoto wadogo aulize moyo wake kuhusu miaka miwili ya kuwaona kwenye simu.

Marekani kwa ufupi

Sikuiweka kwenye mizani kwa sababu foleni ya viza za kuhamia inaweza kukukalisha miaka hata baada ya kufaulu NCLEX-RN, mtihani wa leseni wa huko. Kwa mwenye subira ina jambo moja zuri: California ina sheria ya idadi, wagonjwa wasiozidi 5 kwa muuguzi mmoja kwenye wodi za kawaida na wasiozidi 2 kwenye ICU. Anza makaratasi ukiwa kazini kwingine.

Kwa hali yako

Kama una ajira ya kudumu, watoto chini ya shule ya msingi na moyo wako uko kwenye ukunga au afya ya jamii, nyumbani kuna kazi usiyoipata kwingine. Tafuta digrii au ubobezi kwanza; ugenini hautahama.

Kama una deni la familia, ada za wadogo au kiwanja cha kulipia, una miaka miwili ya wodini na huna mtoto mchanga, Saudia itakupa fedha mapema zaidi. Nenda na lengo na tarehe ya kurudi, na uchague hospitali kubwa ili uzoefu wa ICU ukufae baadaye Uingereza au Marekani.

Kama Kiingereza chako kinafika 7, unapenda mfumo ulioandikwa na unataka familia iwe nawe, Uingereza inakufaa. Omba mwenyewe kwa hospitali, soma kipengele cha kurudisha gharama ukiondoka kabla ya muda, na usiache kazi mpaka barua ya ufadhili wa viza iwe mkononi.

Kama uko chini ya miaka 30, hujafungwa na mengi, unavumilia lugha na huoni aibu kuosha mzee, Ujerumani inakupa njia ya makazi iliyo wazi zaidi. Jiandikishe A1 kwanza, katika Goethe-Institut ya Nairobi au Dar es Salaam au kwa mwalimu mzuri wa karibu. Ukimaliza A2 na bado unaipenda, endelea.

Kama wewe ni muuguzi wa cheti, angalia stashahada nyumbani au mafunzo ya kulipwa ya Ujerumani kabla ya kumsikiliza wakala yeyote wa Uingereza.

Na kama una homa ya ini B, ondoa Saudia kwenye orodha leo, uhifadhi fedha ya wakala, na upige hesabu ya tatu zilizobaki.